Mikondo na mizunguko ya bahari inavyowapanga planktoni wanyama, kutoka Rasi ya Delgado hadi Ghuba ya Oman

Kina Kirefu (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Kila mjadala wa dagaa na vibua unapofunguliwa hapa, hoja huishia kwenye mambo mawili: joto la maji na wingi wa nyavu. Napenda tushuke ngazi moja, hadi kwa wanyama wanaoliwa na dagaa wenyewe, yaani planktoni wanyama, na tujiulize ni nini kinachoamua spishi gani zipatikane wapi na katika msimu gani. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika mwendo wa maji, na kwamba kitu cha kwanza cha kupima ni muda: maji husika hukaa pamoja kwa siku ngapi kabla ya kutawanyika, na mnyama aliyemo anahitaji siku ngapi ili akue na kuzaa.

Kwa wasiowahi kuwaona, planktoni wanyama ni viumbe wasioweza kushindana na mkondo. Wengi wao kwa idadi ni kopepodi, jamaa wadogo wa kamba na kaa, ambao kwa kawaida hawazidi milimita chache kwa urefu. Pamoja nao wamo krili, minyoo mshale, konyeza, salpi, konokono wadogo wanaoelea, na lava, yaani wachanga, wa samaki, kaa, kambakoche na matumbawe, ambao huishi hivyo kwa muda tu kabla ya kwenda kukaa kwingine. Kutoweza kushindana na mkondo, hata hivyo, hakumwondolei mnyama uwezo wa kupanda na kushuka. Kopepodi na krili wa aina nyingi hupanda karibu na uso wa bahari usiku na kushuka mamia ya mita mchana ili samaki wasiwaone. Tabia hiyo ina uzito mkubwa katika mada hii, kwa sababu maji ya juu na maji ya chini mara nyingi hayaendi upande mmoja wala kwa kasi moja.

Tuanze na pwani yetu. Mkondo wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi, huizunguka ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha hulikuta bara la Afrika karibu na Rasi ya Delgado, jirani na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika. Sehemu moja huelekea kusini katika Mlango wa Msumbiji, na nyingine hupanda kaskazini kupitia Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba kwa jina la Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Mkondo huu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo huusukuma na kasi yake huweza kufikia mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde. Wakati wa kaskazi upepo huukabili na kuupunguza kasi, na ukifika katika maji ya Kenya hukutana na Mkondo wa Somalia ambao msimu huo hushuka kusini, ndipo maji yote mawili yanapogeukia mashariki kuelekea bahari kuu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Maji yanayokwenda mita 1.5 kwa sekunde husafiri takribani kilomita 130 kwa siku. Kutoka Mtwara hadi Lamu ni karibu kilomita 900 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo maji yaliyo katikati ya mkondo humaliza safari hiyo kwa wiki moja. Mimea ya planktoni huweza kugawanyika mara moja kwa siku, hivyo wiki moja inaitosha kuongezeka mara nyingi. Kopepodi wa maji ya joto huhitaji wiki mbili hadi nne hivi kutoka yai hadi utu uzima, na krili huhitaji miezi. Kopepodi aliyeanguliwa Mtwara wakati wa kusi angepita Lamu akiwa bado mchanga. Ndiyo maana wanyama tunaowakuta katikati ya mkondo si wenyeji wa mahali hapo. Hao ni wanyama wa bahari kuu ya tropiki walioletwa kutoka mashariki, wenye spishi nyingi lakini kila spishi kwa idadi ndogo, kwa kuwa maji yaliyowabeba yana nitrati, ambayo ni mbolea ya mimea ya planktoni, kidogo mno karibu na uso.

Wanaoweza kujenga jamii ya kudumu ni wale waliopata mahali pa kuchelewa. Mlango uliopo kati ya Unguja na bara una kina cha mita 30 hadi 40 tu, na mkondo mkuu hupita upande wa mashariki wa kisiwa, hivyo maji ya mlango huo huenda na kurudi na kupwa na kujaa kwa muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Mlango wa Pemba una kina cha takribani mita 800, na mkondo unapita humo bila kizuizi. Visiwa hivi viwili ni majirani, lakini kwa planktoni ni nchi mbili tofauti: katika maji mafupi ya Unguja hakuna nafasi kwa mnyama anayetaka kujificha mita 400 chini wakati wa mchana, na katika Mlango wa Pemba mnyama anayetegemea kubaki karibu na mikoko na mchanga wa pwani huchukuliwa na mkondo kabla hajazaa.

Nitaendelea na mizunguko, yaani maji yanayojikunja na kuzunguka kama duara, baada ya kusikia maoni yenu.

Mwana Kojani

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Wazee wetu wa Pemba wanafahamu vizuri kwamba nyuma ya kisiwa kuna maji yanayorudi kinyume na mkondo, na kwamba pale maji hayo yanapokutana na mkondo hujitokeza mstari wa povu na takataka ambao samaki hawauachi. Je, huo ndio mzunguko unaouzungumzia? Pili, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, tunaona mistari mirefu ya rangi ya kahawia juu ya maji, na wengine hudhani ni uchafu wa meli. Naomba ufafanuzi wa hayo mawili.

Kina Kirefu (mleta uzi)

Mwana Kojani, wazee wako wamelitazama jambo hili kwa usahihi. Mkondo unapogonga kisiwa, maji ya upande uliokingwa hujikunja na kufanya mizunguko midogo, ambayo upana wake ni kilomita chache hadi makumi machache na ambayo mara nyingi huvunjika baada ya siku kadhaa. Kwa kipimo cha muda nilichokitaja, siku hizo hazitoshi kuzalisha kizazi kipya cha kopepodi. Zinatosha kuwakusanya waliopo. Katika mstari wa povu maji ya pande mbili hukutana na kuzama. Povu na majani haviwezi kuzama, na mnyama anayeogelea kwenda juu ili abaki katika kina anachokipenda hushindwa kuzama pia, kwa hiyo hurundikana hapo. Ukiteka maji ya mstari huo utawakuta wanyama wengi kuliko hatua chache kando yake, na bado hutakuwa umepata ushahidi wowote kwamba bahari ya hapo inazalisha zaidi. Kukusanya na kukuza ni mambo mawili tofauti, na makala nyingi za magazeti kuhusu maji yenye rutuba huyachanganya.

Mistari ya kahawia ni *Trichodesmium*, bakteria wa baharini wanaotumia nuru ya jua na wenye uwezo wa kuchukua nitrojeni iliyotokana na hewa, uwezo ambao mimea mingi ya planktoni haina. Hustawi kaskazi kwa sababu maji yametulia, yana joto na yameishiwa nitrati, na huelea juu kama unga wa mbao uliomwagwa. Kopepodi wengi huwaepuka, lakini yupo mmoja mwembamba, *Macrosetella gracilis*, ambaye huwala, na watoto wake hukaa juu yao kwa sababu hawawezi kuelea wenyewe.

Fundi Nanga

Kwa heshima naomba kuuliza kuhusu mwelekeo. Kuna mahali nimesoma kwamba mzunguko unaokwenda kisaa hupandisha maji baridi yenye rutuba, na mahali pengine nimesoma kinyume chake kabisa. Mabaharia tunahitaji kanuni moja.

Kina Kirefu (mleta uzi)

Bwana Fundi, waandishi wote wawili wako sahihi, kila mmoja katika upande wake wa ikweta. Mzunguko wa dunia huyasukuma maji yanayotembea upande wa kulia yakiwa kaskazini ya ikweta, na upande wa kushoto yakiwa kusini. Kwa hiyo kusini, kuanzia maji ya Tanzania hadi Afrika Kusini, mzunguko wa kisaa huyatoa maji ya juu katikati kwenda nje, uso wa bahari hapo hushuka kwa sentimita kadhaa au makumi ya sentimita, na tabaka baridi lenye nitrati huinuka hadi karibu na mwanga. Unaokwenda kinyume cha saa hurundika maji ya joto katikati na kulizamisha tabaka hilo. Kaskazini ya ikweta mambo hugeuka. Na kwenye ikweta yenyewe msukumo huo hupungua hadi kutoweka, ndiyo maana hesabu zinazofaa Msumbiji haziwezi kuhamishiwa Kismayu hivi hivi.

Mfano bora wa upande wa kaskazini ni ule ambao wanabahari huuita Mzunguko Mkuu, ulioko baharini mbele ya Somalia kati ya nyuzi 5 na 10 hivi za kaskazini. Alexander Findlay aliueleza mwaka 1866, na hadi leo haujaacha kuwashangaza watafiti. Kusi inapovuka ikweta, upepo mkali wa pwani ya Somalia huugeuza Mkondo wa Somalia uende kaskazini kwa kasi inayoweza kuzidi mita 3 kwa sekunde. Sehemu ya maji hayo hujikunja kulia na kufanya duara la kisaa lenye upana wa kilomita 300 hadi 600. Kwa kuwa liko kaskazini ya ikweta, katikati yake maji ya joto hurundikana na rutuba hukosekana. Utajiri uko ukingoni, hasa mbele ya Ras Hafun, ambako upepo huyaondoa maji ya juu na yale ya kina hupanda yakiwa na joto chini ya nyuzi 20, kisha duara huyavuta kwa mikanda mirefu hadi mbali baharini.

Mnyama wa kuangaliwa hapa ni kopepodi ambaye kwa muda mrefu ameitwa *Calanoides carinatus*. Wakati wa kusi huwa juu, hula diatomu, ambao ni mimea midogo ya planktoni, huzaa haraka na kujaza mafuta mwilini. Upepo unapokatika na chakula kupungua, watoto waliofika hatua ya mwisho kabla ya utu uzima hawakamilishi ukuaji. Hushuka mita 500 na zaidi, husimamisha ukuaji wao, na huishi kwa mafuta yale kwa miezi yote ya kaskazi hadi kusi nyingine. Sharon Smith, mtafiti wa Marekani, alilifuatilia jambo hili mwaka 1979 mbele ya Somalia na tena mwaka 1995 katika Bahari ya Uarabuni, na meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, ilifanya kazi katika maji ya Kenya na Somalia mwaka 1992 na 1993.

Ninachokiona katika habari ya mnyama huyu ni kwamba amelitatua tatizo la muda kwa kutumia kina. Angebaki juu mwaka mzima, mikondo ingemtupa kusini wakati wa kaskazi na mashariki wakati wa kusi, na spishi yake isingedumu pwani ya Somalia. Akiwa chini, ambako maji huenda polepole, hapotei sana, na kwa maoni yangu duara lenyewe humsaidia kwa kuwarudisha upande wa pwani baadhi ya waliovutwa mbali. Inasikitisha kwamba uharamia ulipozidi katika miaka ya 2000 meli za utafiti ziliacha kwenda huko, na msururu wa vipimo ukakatika.

Binti Saidi, Muscat

Mwalimu, nashukuru kwa kutufikisha huku kwetu. Ningependa kuongeza kwamba kusi, ambayo Dhofar, kusini mwa Oman, wenyewe huiita kharifu, hupandisha maji baridi pia mbele ya Salalah na hadi karibu na Ras al-Hadd, na *Calanoides* huyo huyo hupatikana. Dagaa wa Oman wanaokaushwa ufukweni hutegemea msimu huo. Karibu na Ras al-Hadd mkondo huiacha pwani na kuingia bahari kuu kama ukanda mwembamba, na wanyama wa pwani huchukuliwa nao mamia ya kilomita.

Hata hivyo kuna jambo ambalo halijatajwa. Katika Bahari ya Uarabuni, kati ya mita 150 na 1,000 hivi, oksijeni ni kidogo sana. Mnyama wa kusini anayeshuka mita 400 mchana hupata giza na usalama. Huku kwetu, akishuka, anaingia mahali ambapo wengi hawawezi kupumua vizuri. Je, hilo halimaanishi kwamba kemia ya maji ina nguvu kuliko mwendo wake?

Na la pili: miaka ya karibuni bahari yetu imekuwa ikigeuka kijani wakati wa baridi kwa sababu ya *Noctiluca*, kiumbe mwenye seli moja ambaye ndani yake huishi mwani mdogo wa kijani. Wavuvi wa hapa wanalalamika kwamba mahali alipojaa hakuna samaki.

Kina Kirefu (mleta uzi)

Dada Binti Saidi, umegusa jambo zito. Upungufu wa oksijeni ni chujio la kweli: huacha spishi chache zinazolimudu, na hao hupata kimbilio ambapo wawindaji wengi hawawafuati. *Calanoides* aliyelala ni mmoja wao, kwa sababu mnyama aliyesimamisha ukuaji hahitaji oksijeni nyingi. Lakini tusisahau kwamba tabaka hilo nalo ni zao la mwendo wa maji: maji ya kina ya huko hubadilishwa polepole, na juu yake kuna mvua kubwa ya mabaki ya viumbe waliolishwa na maji yaliyopanda wakati wa kusi. Sioni haja ya kuvishindanisha viwili hivyo.

Kuhusu *Noctiluca*, mizunguko ya Ghuba ya Oman huchangia kwa njia mbili, kwa kupandisha rutuba wakati wa baridi na kwa kuusambaza mchipuko uliokwisha kuanza ukingoni mwa duara. *Noctiluca* ni mkubwa kwa kopepodi wengi kummeza, kwa hiyo chakula huenda kwa salpi na konyeza, na kutoka hapo ni kidogo kinachomfikia samaki. Malalamiko ya wavuvi yana msingi.

Mwanafunzi wa Bahari

Ninaufuatilia uzi huu kwa makini, na nina hoja ya kupinga. Mleta uzi anaelekea kusema kwamba mzunguko unaoinua maji baridi una wanyama wengi na ule wa joto ni mtupu. Mwaka 2003, watafiti wa Australia walipima mizunguko miwili iliyojitenga na Mkondo wa Leeuwin, magharibi ya bara lao, na wakakuta kwamba ule wa joto, ambao kwa kanuni ungepaswa kuwa maskini, ndio uliokuwa na uhai mwingi zaidi, wakiwamo diatomu wakubwa. Kanuni inabaki wapi?

Kina Kirefu (mleta uzi)

Ndugu Mwanafunzi, mfano huo ni mzuri, na unaitegemeza hoja ya muda kuliko unavyoivunja. Mzunguko wa joto wa Leeuwin hujengeka ukiwa umeegemea pwani, kwa hiyo unapojitenga huondoka na maji ya pwani pamoja na diatomu na wanyama wake. Utajiri wake ni wa urithi. Swali la kuuliza kuhusu mzunguko wowote ni maswali mawili: umezaliwa na maji gani, na una umri gani? Mwelekeo wa kuzunguka hukuambia rutuba itakavyokwenda baadaye. Haukuambii ulianza na nini.

Na hapa nieleze kwa nini mizunguko mikubwa inaweza kubeba wanyama, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la kawaida. Wimbi hupita bila kuyahamisha maji. Mzunguko huyahamisha ikiwa maji yake yanazunguka kwa kasi kubwa kuliko kasi ambayo mzunguko wenyewe unasogea, kwa kuwa hapo kilichomo ndani hakipati nafasi ya kutoka. Tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992 imewezekana kuupima urefu wa uso wa bahari karibu dunia nzima, na mwaka 2011 Dudley Chelton na wenzake walichapisha hesabu ya miaka 16 iliyoonyesha zaidi ya mizunguko 35,000 iliyodumu wiki 16 au zaidi kila mmoja. Takribani yote nje ya ukanda wa tropiki ilikuwa ya aina inayobeba maji yake. Wiki 16 ni vizazi kadhaa vya kopepodi wa tropiki. Mzunguko wa namna hiyo ni mahali pa kuishi kwa maana kamili, ingawa ni mahali panapotembea.

Mlango wa Msumbiji ndio maabara yetu ya karibu. Kutoka sehemu yake nyembamba, karibu na nyuzi 16 kusini, hutoka maduara makubwa ya joto yenye upana wa zaidi ya kilomita 300, takribani manne kwa mwaka, yakishuka kusini kando ya pwani ya Msumbiji, na kati yake hujitokeza mizunguko ya baridi. Watafiti wa Ufaransa na Afrika Kusini waliifuata mizunguko hiyo kati ya 2007 na 2010, na wakakuta planktoni wanyama wengi zaidi katika ile ya baridi na katika maji ya pwani kuliko katika ile ya joto. Pale mzunguko wa joto na wa baridi vinapokuwa bega kwa bega, ukanda wa maji kati yao hukimbia kwa kasi na kuyavuta maji ya pwani ya Msumbiji hadi katikati ya mlango, pamoja na lava waliokuwa wakisubiri kurudi kwenye matumbawe ya kwao.

Ushahidi ninaoupenda zaidi haukutoka kwenye wavu. Katika kisiwa cha Europa, kilichomo katika mlango huo huo, huzaliana ndege wakubwa wa baharini aina ya *Fregata minor*. Manyoya yao hulowa, hivyo hawawezi kutua majini, na hutegemea jodari na pomboo wawafukuze samaki wadogo na ngisi hadi juu. Walipofungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, ilionekana kwamba huandama kingo za mizunguko na kuikwepa sehemu ya katikati ya ile ya joto. Ndege hana habari ya nitrati. Anafuata samaki, samaki amefuata planktoni, na planktoni amepangwa na maji.

Fundi Nanga

Nimeelewa, na namshukuru mleta uzi pamoja na Mwanafunzi. Sasa mnyama aliyenaswa ndani ya mzunguko, na mzunguko ukaenda mahali pasipomfaa, humpata nini? Hutoka, hufa, au huzoea?

Kina Kirefu (mleta uzi)

Bwana Fundi, swali lako lilijibiwa kwa uangalifu mkubwa katika Atlantiki ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Mkondo wa Ghuba, unaopita mashariki ya Marekani, hukata vipande vya maji baridi ya kaskazini na kuviacha katika Bahari ya Sargasso, ambayo ni ya joto. Peter Wiebe na wenzake wa Woods Hole, taasisi ya Marekani ya utafiti wa bahari, walifuatilia krili wa maji baridi, *Nematoscelis megalops*, walionaswa humo. Miezi ilivyopita na mzunguko ulivyozidi kupata joto kuanzia juu, krili hao walishuka zaidi na zaidi wakiufuata ubaridi, hadi wakawa chini ya maji yenye chakula cha kutosha. Miili yao ilipungua mafuta na kuongezeka maji, wakaacha kuzaa, na hatimaye idadi yao ikaisha, huku spishi za Sargasso zikichukua nafasi kuanzia pembeni na kutoka juu. Hawakufa kwa joto moja kwa moja. Walikufa kwa kulikimbia, na huo ni uamuzi ambao kwa siku ya kwanza ulikuwa sahihi.

Kusini ya Afrika jambo hilo hutokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Mkondo wa Agulhas, ambao sehemu ya maji yake imepitia Mlango wa Msumbiji, hurudi nyuma mashariki baada ya kuipita ncha ya bara, na katika kugeuka huko hutupa maduara makubwa ya maji ya Bahari ya Hindi ndani ya Atlantiki. Kwenye ramani ungedhani hiyo ni njia huru ya kupitia spishi. Safari ya meli Tara, iliyofanyika kati ya 2009 na 2013, ilipima vinasaba vya planktoni pande zote mbili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi hawafiki salama. Maduara hayo hupoteza joto kwa kasi kwenye upepo baridi wa kusini, maji huchanganywa hadi kina kirefu, na jamii iliyoanza safari si ile inayofika.

Mwana Kojani

Mwalimu, swali langu la mwisho ni la matumizi. Ramani za urefu wa uso wa bahari nimeziona mtandaoni bila malipo kwenye huduma ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya. Je, zinaweza kumsaidia mvuvi wa Mlango wa Pemba kujua planktoni na dagaa walipo?

Kina Kirefu (mleta uzi)

Kwa Mlango wa Pemba wenyewe, kwa sehemu kubwa hapana. Mlango huo una upana wa kilomita 50 hivi, na setilaiti za kawaida hupoteza usahihi zinapokaribia nchi kavu na haziwezi kuona mizunguko ya ukubwa wa ile ya nyuma ya kisiwa chenu. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, huona kwa undani zaidi, lakini hurudi mahali pamoja baada ya takribani wiki tatu, na mzunguko wenu utakuwa umekwisha zamani.

Mashariki ya Pemba, kwenye bahari kuu, ramani hizo zinafaa. Tafuta mahali ambapo uso umeshuka, kwa kuwa mko kusini ya ikweta na huo ni mzunguko wa kisaa. Kisha rudi nyuma kwenye ramani za wiki zilizopita uone umedumu kwa muda gani. Ukiwa na umri wa siku 10, tarajia maji ya kijani yasiyo na samaki wengi. Ukiwa umetimiza mwezi mmoja au miwili bila kuvunjika, kopepodi wameshapata kizazi kimoja au viwili. Hapo ningeanzia ukingoni mwake, upande ambao maji yake yanatoka pwani, na ningetupa wavu usiku, wakati wanyama wa chini wamepanda.